Cherehani mpya ya kielektroniki na mfarishi wa kwanza: nianzie wapi?

Swali: Kwa miaka mingi nimeshona kwa cherehani ya kukanyaga: nguo za watoto, mapazia, foronya. Sasa nimepata cherehani ya kielektroniki yenye skrini na vitufe vingi, na nataka kushona mfarishi wa viraka, yaani kwilti. Nimejaribu, lakini uzi unajikusanya chini ya kitambaa, viraka havilingani ingawa nilivikata sawasawa, na nikifika kwenye tabaka tatu (kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini) kitambaa cha juu kinasukumwa mbele kuliko cha chini. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, hayo matatu yana sababu tatu tofauti, na karibu kila mara hakuna hata moja inayotokana na ubovu wa cherehani. Uzi kujikusanya chini ni kosa la kupitisha uzi wa juu. Viraka kutolingana ni suala la nafasi ya mshono. Kitambaa cha juu kusukumwa mbele ni matokeo ya kutumia mguu wa kawaida wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, kwenye kazi nene. Yote yanarekebishika hapo hapo mezani kwako.

Viraka ulivyokwisha kukata viweke kando kwanza, hata kwa wiki nzima, ushonee vitambaa chakavu tu. Cherehani ya kukanyaga uliiongoza kwa mguu na kwa sikio. Hii inaongozwa kwa namba, na zile ilizotoka nazo kiwandani zimepangwa ili ishone kitu chochote kwa kiasi. Namba za mfarishi wako zitatokana na kitambaa chako, uzi wako na pamba yako ya katikati, na huzipati ila kwa kujaribu. Tafuta daftari dogo likae kando ya cherehani. Cherehani nyingi za aina hii zikizimwa husahau ulichopanga: urefu wa mshono hurudi ulikokuwa, sindano hurudi mahali pake pa kiwandani. Usipoandika, kesho utaendelea na mfarishi uleule kwa vipimo vingine bila kujua.

Meza, umeme na sindano

Soma kibandiko kilicho chini au nyuma ya cherehani uone ni ya volti ngapi, 110 hadi 120 au 220 hadi 240. Kosa hapo huunguza bodi ya ndani mara moja. Tumia soketi yenye kinga ya umeme unaoruka ghafla, na ukimaliza kazi chomoa plagi, usiishie kwenye swichi tu. Cherehani ya chuma ilivumilia mengi ambayo bodi hii haiwezi.

Meza isitikisike. Muhimu zaidi, iwe na nafasi ya kushoto na ya nyuma ya kubeba mfarishi. Mfarishi ukining'inia pembeni, uzito wake unaivuta sindano. Mishono inakuwa mifupi upande mmoja na mirefu upande mwingine, na sindano inapinda mpaka inagonga bamba, kile kibati chenye tundu ambamo sindano hushukia. Kama cherehani ilikuja na meza ya kuongezea, ifunge. Kama haikuja nayo, panga vitabu au mbao kushoto mpaka zilingane na usawa wa cherehani.

Weka sindano mpya, hata kama iliyokuja na cherehani inaonekana nzima. Cherehani nyingi za nyumbani hutumia mfumo wa 130/705 H, wenye shina lenye upande bapa. Zile za viwandani zenye shina la duara hazifai hapa. Upande bapa utazame nyuma, na sindano isukumwe juu mpaka igote kabla ya kukaza skrubu. Ikishuka hata milimita moja, kulabu ya chini inayonasa uzi haiufikii kwa wakati wake na mishono inarukwa. Kwa kuunganisha viraka vya pamba tumia ya unene wa 75/11 au 80/12. Kwa kushonea tabaka tatu tumia 90/14, ama sindano ya mifarishi, ama ile yenye tundu refu ya kushonea juu. Badilisha kila baada ya saa 8 hivi za kushona. Sindano butu haionekani kwa macho, lakini inasikika: inapoingia kwenye kitambaa hutoa mlio wa kugonga badala ya kupenya kimya.

Uzi nao una namba, na namba ikipanda uzi unazidi kuwa mwembamba. Uzi wa pamba wa namba 50 ni mzuri kwa viraka kwa sababu haujazi mshono. Kwa mistari ya juu inayoonekana, namba 40 ndiyo hupendwa.

Uzi wa juu, na ule mrundo wa chini

Macho yanadanganya hapa. Ukiona nyuzi zimejaa chini, unadhani bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ndiyo yenye kosa, unaanza kulegeza na kukaza chini. Sivyo. Mrundo wa chini ni uzi wa juu ambao haukushikwa na kitu, ukashuka wote. Kisa chake ni hiki: ndani ya mfereji wa mbele kuna visahani viwili vinavyobana uzi. Mguu wa cherehani ukiwa juu, visahani vinaachana. Mguu ukiwa chini, vinabana. Ukipitisha uzi mguu ukiwa umeshushwa, uzi unapita juu ya visahani vilivyofungwa na hauingii kati yake. Kwenye cherehani za zamani visahani viko nje na unaviona kwa macho. Hapa vimefichwa, kwa hiyo kosa nalo limefichika.

Basi inua mguu. Zungusha gurudumu la mkono kukuelekea wewe, kamwe si kinyume, mpaka mkono wa kuvutia uzi ufike juu kabisa. Bora zaidi, bonyeza kitufe cha sindano juu na chini mpaka sindano isimame juu. Shika uzi kwa mikono miwili: wa kulia ukiubana karibu na rili, wa kushoto ukiushusha kwenye mfereji, ili uzi uingie ukiwa umenyooka. Hakikisha umeingia kwenye jicho la ule mkono wa kuvutia. Ukilikosa jicho hilo, mrundo utatokea kwenye mshono wa kwanza tu.

Kisha fanya jaribio hili kila unapopitisha uzi upya. Ni la sekunde tano. Mguu ukiwa juu, vuta uzi karibu na sindano: utateleza bila kizuizi. Shusha mguu, vuta tena: sasa uzi unagoma na unaona sindano ikipinda kidogo kukufuata. Kama hakuna tofauti kati ya mivuto miwili, uzi haumo kwenye visahani. Toa wote, anza upya.

Kifaa cha kupitishia uzi kwenye tundu la sindano kina kindoano chembamba kama unywele. Kitumie sindano ikiwa juu kabisa tu, la sivyo kinagonga ubavu wa sindano na kupinda. Sindano nyembamba kuliko 75/11 mara nyingi hakizikubali. Hizo pitisha kwa mkono, kutoka mbele kwenda nyuma.

Angalia pia rili yenyewe. Rili ya kulala hufungwa na kifuniko ubavuni, na kifuniko kiwe kikubwa kidogo kuliko rili. Kikiwa kikubwa mno, au rili ikiwa na mkato wa kubania uzi upande unaotokea, uzi hunasa kila baada ya mzunguko na mkazo hupanda na kushuka. Geuza rili ili mkato uwe upande wa pili.

Bobini

Tumia bobini za aina iliyokuja na cherehani, si zinazofanana nazo. Tofauti ya milimita moja ya kimo haionekani kirahisi, lakini inatosha kuifanya bobini irukeruke ndani ya kikasha. Jaza kwa mwendo wa kati. Ukijaza kwa kasi ya mwisho, uzi wa poliesta hutanuka, halafu hunywea mshono ukishakamilika na kitambaa kinakunjamana. Uzi upite kwenye kisahani kidogo cha kujazia. Bobini iliyojazwa bila kisahani hicho ukiibonyeza kwa kidole inabonyea kama sifongo, na haitakupa mkazo ulio sawa hata ufanye nini. Hiyo ivue uzi, ujaze tena.

Kwenye bobini ya kulala, ile inayodondoshwa kutoka juu, uzi kwa kawaida hutoka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa: ukiishika mbele yako uzi ukining'inia kushoto, unaona umbo la herufi P. Uvute kwenye mkato mpaka usikie umeingia chini ya kibati cha mkazo. Na ukimaliza kujaza bobini, rudisha kijiti chake kushoto. Wengi wamedhani cherehani imekufa, kumbe kijiti kimebaki kulia na injini inakataa kuendesha sindano.

Vitufe vichache vinavyohusu mfarishi

Skrini inaweza kuonyesha mishono mia na zaidi. Kwa mfarishi utatumia mitano hivi: mshono wa moja kwa moja, zigizaga, mshono wa blanketi kwa vipande vya kubandika, ule wa mawimbi, na wa kufungia mwanzo na mwisho. Mingine iache.

Kitufe kitakachokuokoa zaidi ni cha kuchagua sindano isimame chini. Kipange kwenye chini kabla ya kazi yoyote ya tabaka tatu. Ukiinua mikono ili ushike vizuri, sindano imeshikilia kazi na hakuna kinachosogea. Kingine ni kile cha kutelezesha kinachoweka mwendo. Kwenye cherehani nyingi kinaweka kikomo cha kasi hata unapotumia kanyagio, kwa hiyo kiweke katikati au chini yake, kisha kanyaga unavyotaka. Kitufe cha kuanza na kusimama, kwa kawaida, hakifanyi kazi kanyagio likiwa limechomekwa. Hiyo si hitilafu.

Mguu wako utahitaji kusahau kidogo. Hapa huna haja ya kulisukuma gurudumu kwa mkono ili kuanza, kwani injini inaisukuma sindano kwa nguvu ileile hata kwa mwendo wa kobe. Na ile tabia ya kukivuta kitambaa kwa nyuma iache kabisa. Meno ndiyo yanayopeleka kitambaa. Ukivuta, sindano inapinda, inachana ukingo wa tundu la bamba, na kuanzia hapo kila uzi upitao hukwaruzwa na kukatika. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu. Ukihisi ukwaruzo, bamba linataka kusuguliwa au kubadilishwa.

Robo inchi

Hapa ndipo viraka vyako vinapopotelea. Kwenye nguo, nafasi ya mshono ikizidi milimita moja, hakuna anayejua. Kwenye mfarishi kosa linajumlishwa. Tuseme mstari mmoja una viraka 12, kwa hiyo mishono 11. Nafasi yako ikizidi milimita 1, kila mshono unakula milimita 1 kila upande, yaani 2. Mara 11 ni milimita 22. Mstari wa jirani wenye viraka 6 vikubwa una mishono 5 tu na umepoteza milimita 10. Mistari miwili iliyokatwa kwa hesabu sahihi sasa inapishana kwa zaidi ya sentimita moja, na hakuna kuvuta wala pasi itakayoipatanisha.

Kipimo kinachotumika kwenye vielelezo vingi vya mifarishi ni robo inchi, milimita 6.35. Ila robo kamili huwa inazidi kidogo, kwa sababu kitambaa kinapokunjwa juu ya uzi wa mshono, ule mkunjo nao unakula upana. Kinachotakiwa ni robo pungufu kwa unyuzi mmoja au miwili ya kitambaa. Huwezi kukipima kwa macho. Kipime kwa vipande.

Kata vipande vitatu vya upana wa inchi 1½ na urefu wa inchi 6 hivi, kutoka kitambaa kilekile utakachotumia. Viunganishe ubavu kwa ubavu kwa urefu wa mshono wa milimita 2.0, yaani mishono 12 au 13 kwa inchi. Piga pasi: kwanza mshono ukiwa umefungwa, kisha ufungue na uelekeze kwenye kitambaa cheusi zaidi. Bonyeza pasi na uinue, usiiburute, maana kuburuta kunapinda vipande. Sasa pima kipande cha katikati. Kiwe inchi 1 kamili. Upana wote uwe inchi 3½.

Kama cha katikati kimepungua inchi 1, nafasi yako ni pana mno. Kama kimezidi, ni nyembamba mno. Faida ya cherehani ya kielektroniki iko hapa: badala ya kubahatisha kwa mkono, unaisogeza sindano. Kwenye mshono wa moja kwa moja, kitufe cha upana hakibadilishi upana. Kinaisogeza sindano kushoto na kulia. Kwenye cherehani ya upana wa milimita 7, 3.5 ni katikati. Ukipandisha hadi 4.0 sindano inakwenda kulia kwa nusu milimita, inaukaribia ukingo wa kitambaa, na nafasi inapungua. Shona vipande vitatu vingine, pima, sogeza tena. Ukiipata, andika: mguu upi, mshono namba ngapi, sindano iko wapi. Wengi huipata mara ya tatu au ya nne.

Jihadhari na jambo moja. Kuna mguu wa robo inchi na kuna bamba lenye tundu dogo la mviringo kwa mshono wa moja kwa moja. Vyote ni vizuri sana, hasa bamba, maana linazuia pembe za viraka vya pembetatu kuzama kwenye tundu pana na kutafunwa na meno. Lakini bamba hilo linaikubali sindano ikiwa katikati tu, na miguu mingi ya robo inchi nayo ni hivyo. Ukiwa umelifunga, ukagusa zigizaga kwa bahati mbaya, au cherehani ikawashwa ikiwa na mshono wa sindano ya kushoto, sindano inavunjika pale pale. Baadhi ya cherehani zina mpangilio wa kuziambia kwamba bamba hilo limefungwa. Uwashe kama upo. Kama haupo, bandika karatasi ya rangi kwenye skrini, na mshono wa kwanza siku zote uuzungushe kwa mkono.

Ukishakuwa na kipimo chako, bandika utepe wa karatasi kwenye kitanda cha cherehani uwe ukuta wa kufuatia kitambaa. Usifunike meno wala kifuniko cha bobini. Macho yafuate ukuta, si sindano. Na anza kila safu kwa kushonea kitambaa chakavu kidogo kabla ya kiraka cha kwanza, kisha ingiza viraka mfululizo bila kukata uzi kati yao. Mwanzo mbaya, kama upo, unabaki kwenye chakavu. Pini zichomoe kabla hazijafika kwenye mguu. Sindano ikigonga pini, wakati mwingine kulabu ya chini inasogea mahali pake, na hilo ni la fundi.

Mkazo kwenye tabaka tatu

Ukishaunganisha uso wote wa viraka, kazi inabadilika, na namba nazo zinabadilika. Tengeneza kisampuli cha sentimita 30 kwa 30: kitambaa cha juu, pamba ileile utakayotumia, kitambaa cha chini. Weka uzi wa rangi moja juu na wa rangi nyingine kwenye bobini, kwa mfano mwekundu na wa buluu, ili uone nani anamvuta nani.

Anza na mkazo wa namba 4, ambayo kwenye piga nyingi za 0 hadi 9 ndiyo ya kawaida, na urefu wa mshono 2.5 hadi 3.0. Shona mstari wa sentimita 20. Ukiona vidoti vya buluu juu, uzi wa juu umekazwa mno: shusha nusu namba. Ukiona vidoti vyekundu chini, umelegea: pandisha nusu. Badala ya kuendelea kwenye mstari uleule, shona mpya kando yake na uandike namba kwa kalamu juu ya kitambaa. Baada ya mistari mitano unayo ramani mkononi. Mkazo sahihi ni pale nyuzi mbili zinapokutana ndani ya pamba na kila upande unaonyesha rangi yake tu. Kisampuli hicho usikitupe; kitunze pamoja na daftari.

Skrubu ndogo ya kikasha cha bobini usiiguse mpaka umemaliza yote mengine. Ukilazimika, weka alama ya kalamu ilipo, na uigeuze kidogo kuliko dakika tano za saa. Ikiwa imezibwa kwa gundi ya rangi, iache.

Kitambaa cha juu kinachosukumwa

Mguu wa kawaida unakandamiza juu wakati meno yanavuta chini. Kwa kitambaa kimoja au viwili haidhuru. Kwa tabaka tatu, cha chini kinakwenda, cha juu kinabaki, na mwisho wa mstari unapata mkunjo. Dawa ni mguu wenye meno yake ya juu, unaotembea sambamba na meno ya chini. Kuufunga kunahitaji uangalifu: una mkono mdogo pembeni ambao lazima ukae juu ya skrubu inayobana sindano, au uikumbatie. Sindano ikipanda, inauinua mkono huo, na ndivyo meno ya juu yanavyopata mwendo. Ukisahau, mguu unakokota tu na utasema haufanyi kazi. Kaza skrubu zote mbili, ya mguu na ya sindano, kwa bisibisi, maana kwa mtetemo hulegea.

Mguu huu haupendi kasi wala kurudi nyuma. Funga mwanzo kwa mishono midogo ya milimita 0.5 badala ya kurudisha. Mshono wa mawimbi unaendana nao vizuri, na kwa mwanzilishi una faida ya ziada: mkono ukiyumba kidogo, wimbi linaficha. Na kama cherehani yako ina kipimo cha mkandamizo wa mguu, kipunguze kidogo kwa kazi nene.

Lakini mguu peke yake hautoshi ikiwa tabaka hazikushikizwa vizuri. Kitambaa cha chini na pamba vizidi uso wa mfarishi kwa sentimita 10 kila upande. Kitandaze sakafuni, kibandike kwa utepe kikiwa kimenyooka bila kutanuliwa. Weka pamba, weka uso, kisha funga pini za kufunga kila baada ya sentimita 10 hivi, yaani ukiweka ngumi popote iguse pini. Mistari ya kwanza ipite katikati, ukielekea nje. Umbali wa mwisho kati ya mistari umeandikwa kwenye mfuko wa pamba. Ukiuzidisha, pamba itavunjikavunjika na kukusanyika kwenye kona baada ya kufuliwa.

Kushona kwa mkono huru

Ukitaka maua na mizunguko, unashusha meno kwa kijiti cha cherehani kilicho nyuma au ubavuni, unafunga mguu wa kutarizia wenye tundu la wazi, na unaweka urefu wa mshono 0. Mikono yako sasa ndiyo meno. Shusha mguu ingawa unaonekana unaelea, kwa kuwa usipoushusha visahani havibani na ule mrundo wa chini unarudi. Tumbukiza sindano mara moja, vuta uzi wa bobini uje juu, ushike nyuzi zote mbili kwa mishono mitatu ya kwanza. Kitufe cha kukata uzi kitumie kwa viraka; hapa kinakuachia ncha fupi zinazonasa chini.

Mguu wako ukanyage kwa mwendo mmoja wa kati, mikono iende taratibu na sawa. Mikono ikikimbia injini ikiwa polepole, mishono inakuwa mirefu na sindano inavunjika. Ukigeuza kazi na kuona chini kuna vitanzi vidogo kama kope upande wa ndani wa tao, mikono iliongeza kasi kwenye kona. Punguza kasi hapo kabla ya kugusa mkazo. Glavu zenye vidole vya mpira husaidia kushika bila kukandamiza. Dakika 15 kila siku kwenye visampuli zinafaa kuliko saa tatu za Jumapili, maana mabega yakichoka mistari inatetemeka.

Ukirudisha kijiti cha meno juu, usishangae yasipopanda. Kwenye cherehani nyingi huinuka baada ya kuzungusha gurudumu mara moja.

Manyoya, mafuta, na lini umwite fundi

Pamba hutoa manyoya mengi. Kila baada ya bobini mbili au tatu fungua bamba, toa kikasha, piga mswaki meno na shimo la kulabu. Usipulize kwa mdomo wala kwa kopo la hewa. Yanaingia ndani zaidi, na pumzi ina unyevu. Kuhusu mafuta, sahau mazoea ya cherehani ya kukanyaga. Nyingi za bobini ya kulala hazitaki mafuta kabisa, na nyingine zinataka tone moja tu kwenye kulabu. Kitabu cha cherehani ndicho kinachosema. Mafuta ya ziada yatakutia doa kwenye mfarishi mweupe.

Cherehani ikilia na kusimama katikati ya kazi nene, inajilinda. Usikanyage kwa nguvu. Zima, zungusha gurudumu kukuelekea, kata uzi ulionasa, ondoa kazi.

Tatizo lolote likitokea fuata mpangilio huu: pitisha uzi wa juu upya, toa na urudishe bobini, badilisha sindano, safisha, na mwishoni kabisa gusa mkazo. Wanaoanza na mkazo hupoteza namba zao zote na tatizo linabaki. Lakini ukisikia chuma kikigonga chuma, au mishono ikiendelea kurukwa baada ya sindano mpya iliyokaa sawasawa, hapo muda wa kulabu na sindano umepishana. Zima na mpelekee fundi pamoja na kisampuli chenye mishono iliyorukwa, ili aone mwenyewe inachofanya.